Goti limepasuka msimu wa tatu chuoni: aingie drafti au abaki?

Kwa dawati la ushauri,

Habari za kazi. Sisi ni watu wa Mombasa, tunaishi Minnesota tangu watoto wakiwa wadogo na sote tumeshapata uraia. Mwanangu wa pili ana miaka 21, yuko mwaka wa tatu chuoni, na anacheza futiboli ya Kimarekani nafasi ya konabeki, yaani yule beki wa pembeni anayemkaba mpokeaji wa pasi. Mwaka wa kwanza aliingizwa tu pale mpira unapopigwa kwa mguu, mwaka wa pili akacheza mechi zote. Msimu huu ulipoanza, wachambuzi walikuwa wakimtaja raundi ya pili au ya tatu ya drafti ya NFL, yaani zoezi la kila mwaka la timu za ligi ya kulipwa kuchagua wachezaji wapya.

Mwisho wa Septemba, mechi ya nne, alikanyaga mguu ili ageuke, hakuguswa na mtu, goti likaachia. MRI ikaonyesha ACL, ligamenti kubwa ya katikati ya goti, imekatika. Alipasuliwa katikati ya Oktoba. Daktari alitumia kipande cha kano ya chini ya kilegesambwa chake mwenyewe, na alipoingia ndani akakuta meniskasi, ule mto wa goti, ya upande wa nje nayo imechanika, akaishona. Sasa ni wiki ya sita. Bado anavaa kifaa cha kuzuia goti, na mwenzake aliyepasuliwa siku zilezile tayari anaendesha baiskeli. Jambo hilo linamvunja moyo sana.

Kuna bwana anajiita wakala, anapiga simu kila siku. Anasema kijana asaini wiki hii, atalipiwa tiba na nyumba mpaka Aprili, na kwamba akirudi chuoni anaweza kuumia tena akakosa vyote. Baba yake anaelekea kukubali. Shemeji yangu anasema tununue bima kwanza. Na jambo la mwisho: akiwa sekondari bega lake la kushoto liliwahi kutoka, likarudishwa, na kwenye fomu ya chuo halikutajwa. Tulitaje sasa, au tunyamaze?

Mama wa mchezaji, Minnesota

JIBU

Mama, poleni nyote, na mpe kijana pole zetu. Tuanze na la haraka: asisaini chochote wiki hii, na asimpe huyo bwana hata ahadi ya mdomo. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, hazitofautishi karatasi na maneno. Mchezaji akikubaliana na wakala amwakilishe kwa kazi ya kulipwa, ruhusa yake ya kucheza chuoni imekwisha, na ndivyo ilivyo pia akipokea nyumba, gari au nauli kwa makubaliano hayo. Wakala wa mikataba ya matangazo ni habari nyingine, huyo anaruhusiwa. Aliyekupigia simu anataka ule uwakilishi wa kwanza, wa kazi ya kulipwa.

Tunasisitiza hivyo kwa sababu kijana wako ameumia mahali pazuri kwenye kalenda, ikiwa jeraha linaweza kuwa na pazuri. Tangu 2018 mchezaji wa futiboli ya chuo anaweza kucheza hadi mechi 4 katika msimu bila msimu huo kuhesabiwa kati ya misimu anayoruhusiwa, mradi awe hajawahi kuitumia nafasi hiyo. Yeye amecheza nne, na mwaka wa kwanza, kama aliingia uwanjani mechi zaidi ya nne, hakuitumia. Maana yake bado ana misimu miwili mbele yake. Mwende ofisi ya kanuni ya idara ya michezo ya chuo, wawaandikie barua inayosema amebakiza misimu mingapi. Neno la kocha halitoshi, kwa sababu kocha si yeye anayehesabu.

Sasa tuje kwenye drafti yenyewe. Ina raundi 7, timu 32, na majina zaidi ya 250 kila Aprili. Wengi hudhani ACL ndiyo inayomporomosha mchezaji. Timu hazishtuki tena na ACL iliyokatika peke yake. Zinachoogopa ni goti ambalo madaktari wao hawajui litafika wapi. Jameson Williams, mpokeaji wa chuo cha Alabama, alikatika ACL kwenye fainali ya taifa tarehe 10 Januari 2022, na miezi mitatu na nusu baadaye timu ya Detroit wakamchukua nafasi ya 12. Jeffery Simmons wa Mississippi State alikatika mazoezini Februari 2019 na bado Tennessee walimchagua wa 19. Hawa walikuwa na video za kutosha, na jeraha lilikuwa safi, la kuelezeka.

Mlinganishe na Jaylon Smith wa Notre Dame. Tarehe 1 Januari 2016, kwenye Fiesta Bowl, moja ya mechi kubwa za vyuo za mwisho wa msimu, alikatika ACL na ligamenti ya nje ya goti, na neva inayonyanyua unyayo ikaumia. Alikuwa akitajwa miongoni mwa watano wa kwanza. Neva hairudi kwa ratiba, na hakuna daktari aliyeweza kusema itaamka lini au kama itaamka. Akaporomoka hadi nafasi ya 34, kwa Dallas. Kwa nini Dallas? Daktari aliyempasua alikuwa daktari wa timu hiyo hiyo. Yeye alilijua goti kwa ndani, wengine walikuwa wanakisia. Smith alikaa nje msimu mzima wa 2016, na 2019 akaitwa Pro Bowl, heshima ya nyota wa NFL.

Drafti ya mwaka huo huo, Myles Jack wa UCLA alikuwa tayari kucheza, anakimbia, anaruka, na bado alianguka hadi wa 36. Jeraha lake lilianzia kwenye meniskasi. Hofu ya timu ilikuwa gegedu: goti lingefanya kazi leo, lakini je, mwaka wa nne wa mkataba?

Hapo ndipo meniskasi ya kijana wako inapoingia, na ni muhimu kuliko ile ACL mnayoizungumza kila siku. Meniskasi ni mto laini kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Daktari akikuta imechanika ana mambo mawili: kukikata kipande kilichochanika, au kukishona. Kukikata kunamrudisha mtu uwanjani mapema, lakini kila milimita inayoondolewa huliongezea gegedu mzigo, na upande wa nje wa goti huchakaa upesi zaidi mto ukipungua. Kushona kunachelewesha. Wiki nne hadi sita za mwanzo goti halikunjwi kupita nyuzi 90 chini ya uzito, na mara nyingi mgonjwa haruhusiwi kukanyaga kwa uzito wote. Ndiyo maana mwenzake anaendesha baiskeli na yeye bado amefungwa goti. Mwambie hayuko nyuma, yuko kwenye ratiba tofauti. Madaktari wa timu wakisoma neno “imeshonwa” wanapumua, ila watataka kuona imeshika, kwa sababu mshono ukiachia kuna upasuaji wa pili. Dalili ya kwanza ya kuachia ni goti kujaa maji baada ya mazoezi, au maumivu makali pembeni ya goti akichuchumaa. Akiona hayo asiyafiche eti asionekane dhaifu.

Kano yake mwenyewe nayo ni habari njema. Kwa vijana wanaorudi kwenye michezo ya kukata na kugeuka, kano za kuchukuliwa kwa marehemu hukatika tena mara nyingi zaidi. Ya chini ya kilegesambwa ndiyo inayopendwa sana kwa wachezaji wa futiboli. Bei yake ni maumivu ya mbele ya goti, hasa akipiga magoti, na msuli wa mbele wa paja unaochelewa kurudi. Huo msuli ndio kazi yake ya majira yote ya baridi.

Tuhesabu miezi. Kutoka katikati ya Oktoba, Combine ya Indianapolis, ambako NFL huwapima wachezaji kabla ya drafti, mwishoni mwa Februari inamkuta na miezi minne na nusu. Hapo hakimbii. Atapimwa urefu, mikono na uzito, pengine atanyanyua vile vyuma vya paundi 225, sawa na kilo 102, atahojiwa na timu, na atakaguliwa na madaktari. Siku ya majaribio ya chuo mwezi Machi ana miezi mitano, bado hakimbii kwa kasi. Aprili, wale wenye majeraha huitwa tena Indianapolis kwa ukaguzi wa pili. Yeye ana miezi sita, na pengine anakimbia mstari ulionyooka. Drafti inafika timu hazijamwona akigeuka hata mara moja. Kwa lainimeni wa kati, yule wa mstari wa mbele, si hasara kubwa sana. Konabeki anaishi kwa kurudi kinyumenyume, kugeuza nyonga na kupaa na mpokeaji, tena kwa kumfuata mtu mwingine anayejua anakokwenda. Timu itakuwa inanunua kitu hicho gizani.

Mfano wa nafasi yake upo. Shavon Revel wa East Carolina, konabeki aliyekuwa akitajwa raundi ya kwanza, alikatika ACL Septemba 2024 mapema tu msimu ulipoanza. Alichaguliwa wa 76, raundi ya tatu, na Dallas, na msimu wa 2025 aliuanzia kwenye orodha ya walioumia nje ya NFL. Kijana wako alikuwa akitajwa raundi ya pili au ya tatu kabla ya jeraha. Mkishusha ngazi hizo hizo mnafika raundi ya tano, ya sita, au kutochaguliwa kabisa.

Orodha hiyo ya walioumia nje ya NFL muielewe vizuri, maana wakala hataitaja. Mchezaji akiumia ndani ya NFL na kuwekwa pembeni, timu inawajibika naye. Aliyefika na jeraha la chuoni huwekwa kwenye orodha nyingine, na timu hailazimiki kumlipa mshahara wote kwa wiki anazokaa huko. Mara nyingi hukubaliana kiasi fulani, na wa raundi za chini hana nguvu ya kubishana. Kima cha chini cha mshahara wa mwaka wa kwanza kilikuwa dola 840,000 msimu wa 2025. Hiyo ndiyo namba mtakayoonyeshwa. Muulize ni kiasi gani kimehakikishwa akiachwa Agosti, na mkataba una kiwango cha pili cha chini zaidi akiwa mgonjwa au hauna. Asiyechaguliwa kabisa hupewa mkataba wa miaka 3 na kifuta jasho kidogo cha kusaini.

Hoja ya wakala kwamba anaweza kuumia tena chuoni si uongo, na tusiipuuze. Kwa wanamichezo wasiofika miaka 25 wanaorudi uwanjani baada ya ACL, karibu mmoja kati ya wanne huumia tena, goti lile lile au la pili. Lakini hatari hiyo haibaki chuoni, itamfuata popote atakapochezea. Kinachoipunguza ni muda na nguvu. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji anaosubiri, hadi mwezi wa tisa, hupunguza majeraha mapya kwa karibu nusu, na kwamba mguu uliofikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake unalindwa zaidi. Mwezi wa tisa wake ni katikati ya Julai, kabla tu ya kambi ya mazoezi ya msimu. Akibaki chuoni kocha anaweza kumpunguzia dakika mechi za mwanzo. Mchezaji wa raundi ya sita akifika kambini Julai anapigania ajira kuanzia asubuhi ya kwanza, na atasukuma goti hata likikataa.

Kwa hiyo maoni yetu ni abaki, isipokuwa jambo moja. NFL ina kamati ya ushauri inayowapima wachezaji ambao bado wana misimu chuoni. Ombi hupitia chuo mwezi wa Desemba, na nafasi kwa kila chuo ni chache, basi azungumze na kocha wiki hii. Jibu ni moja kati ya matatu: ana uwezo wa raundi ya kwanza, wa raundi ya pili, au abaki shule. Wakisema raundi ya kwanza au ya pili hata na goti hilo, tukae upya. Wakisema abaki, msitafute maana nyingine. Na mjue mlango: mwisho wa kujitangaza kwa wanaotoka mapema ni katikati ya Januari, kuna saa 72 za kubadili nia, kisha basi. Akiachwa asichaguliwe, hawezi kurudi kuchezea chuo.

Akibaki, msimamishe wazo la kuhama chuo angalau hadi goti lipone. Chuo kipya nacho kina madaktari, na ofa iliyotolewa kwa simu hupoa wakishaona MRI. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa hiyo angalieni mkataba wake: malipo yanaendelea akiwa majeruhi? Vilevile tangu Agosti 2024 NCAA ina bima ya matibabu kwa majeraha ya michezo hadi miaka miwili baada ya mtu kumaliza kucheza chuoni. Hiyo haina gharama kwenu, basi ahakikishe jeraha hili limeandikwa kwenye mafaili ya chuo kama la mchezoni.

Bima ya shemeji ni suala la kuchelewa. Ile inayolipa tofauti mchezaji akiporomoka lazima inunuliwe kabla ya kuumia. Jake Butt wa Michigan alikuwa nayo alipokatika ACL kwenye Orange Bowl tarehe 30 Desemba 2016. Alianguka hadi raundi ya tano na iliripotiwa kwamba alilipwa zaidi ya dola 500,000. Akinunua leo, kampuni italitoa goti hilo kwenye mkataba, pengine na bega pia, na mtakuwa mnalipia sehemu za mwili zisizo na shida. Kwa msimu ujao inafaa kuulizia ile ya ulemavu wa kudumu, na kwanza muulize kama chuo kitalipa ada yake, vingi hulipa. Kabla ya kusaini someni ukurasa wa vilivyoondolewa, siyo ule wa mbele wenye kiasi kikubwa.

Kazi ya mama sasa ni makaratasi. Muombe hospitali ripoti kamili ya upasuaji, ile ya daktari yenye kurasa kadhaa na wala si muhtasari wa ruhusa ya kutoka. Muombe picha zilizopigwa ndani ya goti, zinazoonyesha gegedu lilivyokuwa na nyuzi za mshono zilivyokaa. MRI ya kabla muipate kwenye diski, maana karatasi ya maelezo peke yake haiwatoshi madaktari wa timu. Kila kipimo cha nguvu kiwe na tarehe. Muulizeni mwangalizi wa afya wa timu kama alipimwa nguvu za mapaja kabla ya msimu. Vipimo hivyo ni dhahabu, kwa sababu mguu mzima nao hulegea mtu akikaa, na asilimia 90 ya mguu uliolegea haina maana kubwa.

Kule Indianapolis mchezaji hupita chumba baada ya chumba, kila kimoja kina madaktari wa timu kadhaa. Mmoja anamlaza, anakunja goti kidogo na kuuvuta muundi mbele kusikia kama ligamenti inakamata. Anapima unene wa paja kwa futi kamba, anabonyeza pembeni ya kilegesambwa kutafuta maji, na kusema matokeo kwa sauti wenzake waandike. Kisha kila timu hutoa alama yake, na ndiyo maana moja inaweza kumfuta kabisa na nyingine ikamchagua siku hiyo hiyo. Mwenye picha za ndani ya goti mkononi huwapunguzia kazi ya kukisia.

Bega litajeni, tena leo. Aende kwa daktari wa timu ya chuo, aseme lilitoka mwaka gani, lilirudishwa wapi, na kama limewahi kuteleza tena. Bega lililotoka ujanani hupenda kurudia, na konabeki hukaba kwa mabega. MRI ya bega itaonyesha kama ukingo wa kikombe chake umechanika. Likiwa zima, ana karatasi inayosema hivyo. Likiwa na mchaniko unaohitaji kushonwa, msimu huu ambao hachezi ndio wa kulishughulikia, daktari wa goti na wa bega wakikubaliana juu ya lini aache magongo. Mkinyamaza, MRI ya Indianapolis italiona, na swali la timu litakuwa ni kitu gani kingine hakusema.

Huyo bwana akipiga tena, kijana amjibu kwamba atazungumza na mawakala baada ya msimu wake wa mwisho, na amuulize jina lake kamili ili mlitafute kwenye orodha ya mawakala waliothibitishwa na chama cha wachezaji, NFLPA. Ada ya mkataba haizidi asilimia 3. Hiyo nyumba na tiba “mpaka Aprili” muombe aiandike, mtakuta mara nyingi ni mkopo.